Bakuli la Hulda Brekke

Wenzangu wenye mabinti, kabla hamjala chakula cha mtu msiyemjua vizuri, geuzeni bakuli. Najua mtacheka. Hapa Elk Fork walinicheka wote, hata mume wangu Selmer, ambaye hucheka mara moja kwa mwaka, tena kwenye mnada wa ng'ombe. Lakini mimi ndiye mwenye binti aliye hai, kwa hiyo nisomeni mpaka mwisho halafu mcheke.

Jina langu ni Arvida Tollefson na mimi ni mwoga. Sifichi. Naogopa visima visivyofunikwa, naogopa mbegu za zabibu kwenye koo la mtoto, naogopa mtu kutoka nje na nywele mbichi mwezi wa kumi na moja. Zaidi ya vyote naogopa radi. Ikianza kunguruma upande wa mashamba ya Kvam, nafunika vioo vyote kwa shuka, nachomoa redio, simu siigusi hata apige gavana wa Iowa mwenyewe, na maziwa yaliyokuwa mezani nampa nguruwe. Mama yangu aliniambia maziwa yaliyosikia radi si ya kunywewa na mtu aliyebatizwa. Marlys, mtoto wangu wa pekee, nimemlea hivyo hivyo, na shuleni walimtania mpaka akazoea.

Sasa sikilizeni ubaya wa woga. Yule mtu nilimwita mimi.

Ilikuwa mwezi wa nne, mwaka wa hamsini na nne. Alikuja mjini na gari la kijani lililojaa vyuma vya kukinga radi, anauza na kufunga mwenyewe. Nilimwita kabla hajazima injini. Aliitwa Orrin Lusk, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwembamba kama mtu aliyelelewa kwa makombo, na alipangusa viatu kwenye nyasi kabla ya kukanyaga ngazi yangu. Alipanda juu ya ghala akipiga mluzi, akafunga vyuma vinne, akashuka, akavua kofia. Nikampa chakula. Kijiko cha kwanza kilipoingia mdomoni, alifumba macho akaanza kuguna kawimbo kidogo puani, kama paka aliyelala juu ya jiko. Miaka thelathini na mitatu nampikia Selmer, na sifa kubwa niliyowahi kuipata kwake ni "Kimeiva."

Basi nikalewa. Mji mzima ulilewa. Wanawake ambao hawakuogopa hata mizinga walianza kuogopa radi. Ghala la Bernadine Kvam, jirani yangu, lina urefu wa kuku wawili, lakini nalo lilifungwa vyuma sita. Kila nyumba ilimlisha, na kila nyumba aliiimbia kijiko cha kwanza. Alisema aliwahi kufiwa na mke huko Nebraska, homa ya mapafu, na jinsi majirani walivyomletea vyakula thelathini na nane. Alivitaja kimoja kimoja. Kipi kilikuwa na viazi juu, kipi kilikuwa na jibini iliyoungua pembeni kidogo, nani alitia uyoga wa kopo na nani alitia wa porini. Machozi yalimlengalenga. Sisi wote tukasema, tazameni mwanamume anayekumbuka mikono ya wanawake. Hakuna aliyegundua kwamba jina la mke hakulitaja.

Marlys alikuwa na miaka thelathini na moja, akikaa kwenye swichibodi ya simu ya mji, akiunganisha watu wote isipokuwa yeye mwenyewe. Orrin akaanza kupiga simu kuuliza saa. Tunajua, kwa sababu laini yetu ni ya nyumba kumi na moja, na yeyote anayekwambia hapokei simu ya jirani kimyakimya anakudanganya.

"Saa ngapi sasa, Bibi Marlys?"

"Saa ile uliyouliza, ongeza dakika saba."

"Nilidhani nimechelewa."

"Kwa nini?"

"Kwa lolote unalolifanya jioni."

Nyumba kumi na moja zilishusha pumzi kwa pamoja, ikasikika kama upepo. Mwezi wa sita walifunga ndoa. Mimi nilicheza, na sisi si watu wa kucheza. Mchungaji aliangalia dirishani kwa heshima. Nilikuwa naogopa kila kitu duniani isipokuwa mkwe wangu.

Walihamia nyumba ya zamani ya babu yake Selmer, maili moja kutoka kwetu, yenye banda, kuku na nguruwe mmoja. Mwezi wa tisa Marlys akaanza kutapika. Asubuhi anatapika, mchana amelala, uso mweupe kama unga. Nani asingejua ni nini? Nilifuma jozi tatu za soksi ndogo, za manjano, maana huwezi kujua. Nilimwambia Bernadine kwa siri, kwenye simu, kwa hiyo wote wakajua. Na Orrin, Mungu anisamehe, Orrin nilimsifu mbele ya kanisa zima. Kila siku saa nane mchana alikuwa anaacha kazi, anarudi nyumbani, anamchemshia mkewe maziwa yenye unga wa kimea, anampelekea mwenyewe kitandani. Nilisema, ni mume gani hapa anayejua hata maziwa yanawekwa wapi? Wanaume wakakohoa. Selmer akaangalia viatu vyake.

Marlys aliniambia mara moja, "Mama, sidhani kama ni mtoto."

Nikamwambia, "Wewe umezaa mara ngapi?"

Maneno hayo nayakumbuka kila siku nikiosha vyombo.

Haya, sasa bakuli.

Kwetu mtu akifa, wanawake hufika kabla ya mwenye jeneza. Kila mmoja na bakuli lake la kuokea, tambi na nyama ya kusaga, kuku na wali, au ile jeli ya kijani yenye karoti ambayo hakuna anayeipenda na haikosi kuja. Chini ya kila bakuli kuna plasta, ile ya kufungia vidonda, na juu ya plasta kuna jina. Mfiwa akishamaliza kula na kulia, analirudisha bakuli kwa mwenyewe, na halirudi tupu hata siku moja. Ukilirudisha tupu, watasema umelelewa na mbwa mwitu. Mambo haya hatufundishwi. Tunayakuta.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi tulikula pamoja katika chumba cha chini ya kanisa. Marlys hakuja, alikuwa hoi. Orrin alikuja peke yake na maharage aliyoyaoka mwenyewe, na wanawake wakayala kwa kumhurumia. Zamu ya kuosha vyombo ilikuwa yangu. Bakuli lake lilikuwa zuri, la buluu, lenye jogoo mweupe ubavuni. Nikaligeuza, kama mikono yangu inavyogeuza kila bakuli bila kuniuliza. Chini kulikuwa na plasta ya zamani, imekuwa ya kahawia, na wino umefifia: Hulda Brekke, Lindgrove.

Nikamwuliza mkwe wangu. Alisema kwa ulaini kabisa kwamba alilinunua kwenye mnada wa vitu vya nyumbani. Halafu akanyoosha mkono alichukue, nami nikamwambia ngoja likauke, nikarudi nalo kwangu.

Nataka mnielewe. Sikumshuku. Nilimwonea huruma, nikaona ametapeliwa na mnadi. Kwa sababu hakuna mwanamke anayeuza bakuli bila kubandua plasta. Plasta maana yake bakuli liko safarini, na mahali fulani kuna rafu yenye nafasi wazi na mwanamke anayeitazama. Bakuli la wizi, lazima. Usiku huo sikulala. Jumatatu sikulala. Binti yangu yuko kitandani anayeyuka, na mimi, mama yake, nakesha kwa ajili ya bakuli la mtu wa maili sabini. Jumatano nilimwambia Selmer kwamba kesho tunakwenda Lindgrove.

Selmer aliwaza kwa muda wa kula viazi viwili. "Kwa bakuli," akasema.

"Kwa bakuli."

Orrin sikumwambia. Nilitaka asione aibu. Nikaoka mkate mtamu wa zabibu, bila mbegu, nikaujaza humo, maana halirudi tupu, na Alhamisi asubuhi tukaondoka na pikapu, Selmer akiendesha polepole kiasi kwamba ndege walitupita kwa miguu.

Lindgrove tulifika karibu saa saba na nusu. Mawingu upande wa magharibi yalikuwa rangi ya jeraha na nilikuwa nimeshaanza kujibana kwenye kiti. Hulda Brekke alifungua mlango mwenyewe, mama mnene wa miaka sabini na aproni ya maua, akaangalia mikono yangu kabla ya uso wangu.

"Jogoo wangu," akasema. "Miaka minne. Ingia, ingia, wewe ni nani?"

Akalipokea kama mtoto aliyetoka vitani. Tukaketi, kahawa ikaja, keki ikaja. Akaeleza kwamba bakuli hilo alilipeleka kwenye msiba wa Thea, jirani yake, msichana aliyekuwa anacheka kwa pua mpaka kahawa inamtoka. Mumewe alihama ghafla baada ya wiki sita na hakurudisha. Mabakuli mengine yote alirudisha, yamejaa, kwa adabu za pekee. Hilo tu ndilo alilobaki nalo.

"Alikuwa anakipenda mno chakula changu cha viazi na samaki," alisema Hulda. "Kijiko cha kwanza anafumba macho, anaimba puani."

Nikacheka. Nikamwambia, hata mkwe wangu hufanya hivyo hivyo. Naye akacheka, akasema huyo wake alikuwa mrefu, mwembamba, anapangusa viatu kwenye nyasi. Nikasema, wa kwangu pia. Akasema alikuwa fundi wa vyuma vya radi. Tulikuwa tunacheka kama wasichana wawili, tumeshikana mikono juu ya meza, ndiye huyo huyo, dunia ndogo hii, kumbe alifiwa na huyo Thea pia, maskini, na hakusema. Kwa Hulda aliitwa Orson Pell. Nikadhani ni jina la utani la huko kwao.

Halafu nikauliza Thea alikufa kwa nini.

"Tumbo," alisema Hulda. "Miezi minne baada ya harusi. Anatapika tu. Tulidhani ni mimba, mimi mwenyewe nilimfumia mtoto kofia. Na huyo mume alivyomtunza, jamani. Kila siku saa nane anamletea maziwa ya kimea."

Tukaacha kucheka, lakini si pamoja. Yeye aliacha kwanza kwa sababu aliuona uso wangu. Mimi niliendelea kidogo, kama gari lililokatwa injini mlimani. Saa ya ukutani ya Hulda ilikuwa saa nane na dakika nne. Ndipo radi ikapiga.

Simu ilikuwa ukutani jikoni. Miaka hamsini na mitatu sijawahi kugusa simu wakati wa radi. Nilishika chombo kile kwa mikono miwili kama mtu anayeshika nyoka, nikaomba Elk Fork, nyumbani kwa Marlys. Akapokea Orrin.

"Amelala, Mama," akasema, laini, laini. "Nimeshamwekea maziwa yake. Leo nimeyaongeza sukari kidogo. Mwache apumzike."

Nikampigia sherifu. Sherifu wetu, Gaylord Haugen, ni mtu mwema na ana masikio, lakini mimi nilishayachosha. Nilimweleza yote kwa pumzi moja: bakuli, jogoo, plasta, Thea, maziwa. Nikasikia kiti chake kinalia.

"Bibi Arvida," akasema, "wiki iliyopita ilikuwa muuza brashi. Mwezi wa saba ulinituma makaburini nikamkamate mpima ardhi. Leo ni bakuli."

"Gaylord, atamwua."

"Nitapita jioni nikipata nafasi. Kunywa chai."

Nikakata. Hulda alikuwa amesimama amelikumbatia bakuli. Selmer alikuwa mlangoni ameshavaa kofia. Maili sabini kwa mwendo wake ni kesho. Nami nikasimama pale, radi juu ya kichwa changu, nikafikiria: nani anaweza kufika nyumba ile ndani ya nusu saa? Nani atakayenisikiliza bila kuuliza swali? Nikajua. Na kujua kule kulinipasua, kwa sababu kulikuwa na neno moja tu la kuwaita, na neno hilo mimi, ambaye Marlys akipiga chafya nakataa kutaja hata makaburi, ilibidi nilitamke kwa mdomo wangu juu ya mtoto wangu mwenyewe.

Nikaomba nyumba ya Bernadine Kvam. Milio yake ni mirefu miwili na mfupi mmoja, na ikilia hiyo, nyumba zote kumi na moja husimama; ya Marlys haimo, iko laini nyingine. Nikawasikia wakiinua, mmoja baada ya mwingine, kama mbaazi zinadondoka kwenye sufuria.

"Bernadine," nikasema. "Marlys amefariki."

Nikaendelea kabla hawajauliza.

"Nyumbani kwake, sasa hivi. Mimi niko mbali, sijafika. Orrin yuko peke yake na hana hata mkate."

Sikuhitaji kuongeza. Kabla sijakata nilisikia milango ya majiko yao ikifunguka kwenye simu.

Tulikimbia. Nilikuwa nimeshaingia kwenye pikapu nilipomwona Hulda anakuja mbio kwenye mvua, aproni juu ya kichwa, ananirushia kifurushi cha biskuti dirishani, kwa sababu nililijaza bakuli lake na hawezi kuniacha niondoke mikono mitupu. Selmer alitazama barabara. Kisha mume wangu, ambaye hajawahi kulipita hata trekta, alikanyaga pikapu ile mpaka ikaimba. Tulipita maghala, tukapita makanisa, tukapita basi la shule. Mimi nilimpiga begani njia nzima, ongeza, ongeza, na huku nakula biskuti bila kujua. Nililia, nikacheka, nikasali kwa Kinorwe cha bibi yangu ambacho sikijui.

Yaliyotokea kwa Marlys nimeyasikia kwa watu kumi na saba, na yote yanafanana, kwa hiyo ni kweli.

Bernadine alifika wa kwanza, dakika kumi na nane, na bakuli la tambi ambalo alikuwa amelipikia wajukuu. Aligonga. Orrin akafungua. Bernadine alisema maneno mawili tu:

"Orrin, tumesikia."

Sasa tazameni. Mume mwingine yeyote angesema, mmesikia nini? Angegeuka akimbie ghorofani. Orrin hakugeuka. Alitia mkono mfukoni akatoa kitambaa cheupe, safi, kimepigwa pasi, kimekunjwa pembe nne, akakiweka machoni.

"Amepumzika," akasema. "Saa nane na robo. Nilimshika mkono mpaka mwisho."

Hakuwa amepanda hata ngazi moja. Aliweka kikombe kando ya kitanda saa nane, akashuka, akaketi akisubiri. Na wanawake walipoanza kuja, mmoja, wawili, watano, mvua inawachuruzika, mabakuli yamefunikwa vitambaa, aliamini. Alizoea hivyo. Kwake kifo kilikuwa na mlango mmoja tu, na mlango wenyewe ulikuwa ule: wanawake wenye mabakuli. Wamekuja, basi amekufa.

Meza ikajaa mabakuli kumi na saba, maana watu wa laini walikuwa wameshawaambia na wengine. Wakamkalisha, wakampakulia. Alilia vizuri, wanasema, hajawahi kulia mtu hivyo Elk Fork. Aliwaeleza maneno yake ya mwisho Marlys, akawaeleza jinsi alivyotaja jina la mama yake, hapo Bernadine naye akaangua kilio. Kisha akatia kijiko cha kwanza mdomoni, akafumba macho, akaanza kuguna ule wimbo wake.

Sherifu Gaylord akaingia wakati huo. Hakuja kwa ajili yangu. Mkewe alikuwa kwenye laini kama wengine, akamtuma na jeli ya kijani yenye karoti. Amesimama pale mlangoni, kofia inachuruzika, jeli inatetemeka mikononi, anasikiliza saa ya kifo, saa nane na robo, na pole pole, kwa masikio yale yale niliyoyachosha, anaanza kukumbuka saa nane na dakika kumi nilipompigia nikamwambia atamwua.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Akaingia Marlys na ndoo tupu.

Alikuwa ametoka kwa nguruwe. Orrin alipoweka kikombe na kushuka, radi ilipiga, ile ile iliyopiga kwa Hulda, au dada ya radi hiyo, na binti yangu, ambaye hawezi hata kukaa wima, aliinuka, akamimina maziwa yale kwenye ndoo, akashuka kwa ngazi ya nje akayapeleka bandani, kwa sababu alilelewa na mimi. Huko mvua ikamfungia. Akaketi juu ya nyasi kavu akangoja. Anasema harufu ya banda ilimtuliza tumbo kuliko harufu ya kile chumba.

Alitazama meza. Akatazama wanawake waliovaa nyeusi juu ya aproni.

"Kuna nini?" akasema. "Nani kafa?"

 Bernadine, kijiko cha kupakulia mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Wewe."

Marlys akajitazama mikono, miguu, akaiweka ndoo chini taratibu. Na hapo wote wakageuka kumtazama Orrin. Alikuwa hajasimama. Hakumtazama mkewe hata kidogo. Alikuwa anaitazama meza, kutoka bakuli hadi bakuli, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyesikia kengele ya kumaliza mchezo.

"Basi hivi vyote vitarudi?" akauliza.

Sherifu akaweka jeli chini. Wanasema ndiyo mara ya kwanza jeli ile kuwekwa na mtu kwa haraka hivyo.

Tulipofika sisi, gari la polisi lilikuwa limeshaondoka na Marlys alikuwa kwenye ngazi ya mbele, amejifunga blanketi, amezungukwa. Nilishuka kabla ya pikapu kusimama. Nilimshika uso, masikio, nywele, nywele zilikuwa mbichi na ilikuwa mwezi wa kumi, na sikumkemea.

"Mama," akasema, "umeniua kwenye simu?"

"Nimekuua, ndiyo."

"Mbele ya laini nzima?"

"Nilitaka wafike."

Akaanza kucheka. Nami nikaanza. Selmer alikuwa amesimama kando ya pikapu inayotoa moshi, akatoa sauti ambayo mwanzoni tulidhani ni injini. Hicho kilikuwa kicheko chake cha mwaka ule, na hapakuwa na mnada. Tulicheka mpaka Marlys akatapika, na wakati huu nilimshika kichwa na sikumwambia ni mtoto.

Nguruwe alikufa jioni ile. Sherifu alimpeleka kwa daktari wa serikali huko kwenye mji mkubwa, amefungwa kwenye turubai, na wakakuta ndani yake sumu ya panya ya kutosha panya wa jimbo zima. Gaylord alikuja mwenyewe jikoni kwangu akavua kofia. Alisema sasa nikimpigia, atakuja hata kwa bakuli. Nimempigia mara nne. Amekuja.

Habari zake Orrin alizitoa mwenyewe, bila kubanwa, mradi alishwe. Alizaliwa Missouri, akafiwa na wazazi akiwa mdogo, akapitishwa shamba hadi shamba, akilishwa amesimama mlangoni kama mbwa, makombo ya wengine, baridi. Mke wa kwanza alikufa kweli kwa mapafu, Mungu ndiye shahidi. Ndipo yakaja yale mabakuli thelathini na nane. Kwa mara ya kwanza maishani watu walimketisha, wakampakulia, wakamwuliza kama anataka tena. Wiki ya sita mabakuli yakakoma. Alisema njaa iliyomshika wiki ile hakuwahi kuijua hata utotoni. Akaoa tena. Mwingine wa Nebraska, wa Dakota Kusini, wa Wisconsin, kisha Thea wa Lindgrove. Wanawake wanne, kila mmoja na mtu wake aliyemfumia kitu kidogo cha manjano. Huwa nawataja kwa majina katika sala, na Thea namtaja wa kwanza kwa kuwa najua alivyocheka. Orrin amefungwa maisha. Nasikia chakula cha gerezani hakimfumbi macho.

Mnaniuliza, ulimwonea huruma? Kidogo. Mtoto yule wa mlangoni, ndiyo. Ningempakulia mwenyewe. Lakini njaa ya mtu isije ikakufanya usahau kugeuza bakuli lake.

Yale mabakuli kumi na saba yalibaki mezani kwa Marlys. Nani angekula chakula cha msiba wake mwenyewe? Marlys alikula, lile la Bernadine, baridi, amesimama, akasema limezidi chumvi. Mengine tuliyamwaga, tukayaosha, na halafu ikabidi yote yarudi na hakuna lililorudi tupu. Tulipika wiki mbili. La jeli tulilirudisha na jeli. Tumbo la Marlys lilichukua mwaka kupona. Amerudi kwenye swichibodi, na watu hupiga kumwuliza saa kwa utani, naye huwakatia.

Na sasa kuna mwingine. Ndiyo sababu nimekaa chini kuandika. Mwalimu wa kwaya, aliyefiwa na mke, anatoka Illinois, anaitwa Lowell Strand, meno yake mazuri mno. Jumapili iliyopita alimletea Marlys mkate wa mdalasini kwenye sahani ya maua, akaukabidhi hapo hapo ngazini kwa kanisa, watu wote wanaona. Marlys akawa mwekundu mpaka shingoni, na sijamwona mwekundu tangu siku zile za simu.

Nilipita katikati yao, nikaichukua sahani, nikaigeuza. Na mkate ukiwa juu yake.

"Mama," alisema Marlys.

Hakukuwa na plasta. Bwana Strand aliinama akaokota vipande kwenye theluji, kimoja kimoja, akavipuliza, akala kimoja, akasema bado ni kizuri. Marlys alicheka kwa pua. Sijui. Nimeshaandika barua Illinois.